Daftari la dogo na hesabu ya Number One

Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu alinifata kibarazani usiku baada ya futari, ana kaunta buku imefungwa na mpira wa kichwani wa dada yake, akaniambia bro naomba unisomee hii kitu alafu uniambie ukweli. Mimi sio mtu wa muziki kiivo, nilishika kamera kwenye video mbili tatu za Bongo Fleva zamani na kuna kipindi nilikuwa nabeba flashi nazunguka nazo redioni kupeleka nyimbo za watu, basi mtaani ndo imeshaandikwa mimi mtaalamu.

Nikafungua. Dogo kapiga mistari kwa rula na peni nyekundu, kagawa safu tatu, mwezi, kazi, hela. Mwezi wa kwanza kurekodi ngoma tatu, laki tisa. Mwezi wa pili kolabo na msanii wa Naija "wa kati", milioni 12. Mwezi wa tatu video, na pembeni kaandika Sauzi kapigia mstari mara mbili. Mwezi wa nne kiki, yaani sekeseke la kutafuta jina, na kiki yenyewe kaiwekea machaguo, "kugombana na msanii mkubwa AU kutoka na demu maarufu". Mwezi wa sita tuzo. Mwezi wa tisa lebo yangu mwenyewe. Chini kulia jumla, 41,300,000. Nikamuuliza hii hela inatoka wapi akasema kuna kiwanja cha familia Chanika, mjomba kashakubali kukiuza ila mama bado.

Nikanyamaza kidogo. Akaona kama namdharau, akasema, "Kaka, si ndo alivofanya Simba? Alimchukua Davido, akaenda Sauzi, akabeba tuzo, akafungua lebo. Mimi nimefata vilevile." Simba ni Diamond Platnumz, na anayoisema ni Number One, wimbo wake aliokuja kuurudia na Davido wa Nigeria.

Na kiukweli hapo ndo kisa chote kilipo, kwa sababu dogo hajakosea matukio hata moja. Kolabo ilikuwepo, Sauzi ilikuwepo, tuzo zilikuja, lebo ipo mpaka leo. Alichokosea ni mpangilio, na kwenye hii kazi ukikosea mpangilio umeuza kiwanja bure. Kwahiyo nikamwambia kaa, tukaivunjavunja ile Number One kipande kwa kipande mpaka chai ikapoa.

Anza na hii. Watu wanapohadithia wanaanzia 2014 kama vile jamaa alishushwa na parachuti. Diamond, Naseeb Abdul, mtoto wa Tandale, kazaliwa 1989, alitoka na Kamwambie 2009, kairekodi kwa Bob Junior pale Sharobaro Records, na 2010 akaondoka na tuzo 3 za Kili, zile tuzo za muziki za hapa nyumbani. Kabla ya hapo kuna hadithi mwenyewe kaisimulia mara nyingi, kwamba aliuza pete ya mama yake apate hela ya kuingia studio, na wimbo wenyewe ule haukumfikisha popote. Kutoka 2010 mpaka 2013 ni miaka mitatu ya kupiga ngoma moja baada ya nyingine nyumbani, Mbagala, Moyo Wangu, Nataka Kulewa, anazunguka mikoani, anajaza kumbi, watu wanamshangilia na wengine wanamrushia chupa, yote hayo. Yaani 2013 inafika jamaa nyumbani hana swali. Hicho ndo kipande ambacho kwenye daftari la dogo hakina mstari, sio kwamba kakipa miezi michache, hakipo kabisa.

Sasa Number One yenyewe. Wimbo umetengenezwa na Sheddy Clever, umetoka 2013, ni wa kwetu kabisa, Kiswahili mwanzo mwisho, na ndani yake kuna ule uchezaji wa ngololo ambao kila harusi ya mwaka ule lazima kuna mtu aliucheza akachana suruali. Video ya kwanza ilipigwa Afrika Kusini na watu wa video wa Ogopa. Watu walimcheka, wakasema hela zote hizo za nini wakati Coco Beach ipo hapo. Lakini fikiria hali ya wakati ule, hakuna TikTok, YouTube kwetu bando lilikuwa linauma, ukitaka Mganda au Mzambia au Mnaija akuone mlango ni mmoja tu, televisheni za muziki za kwenye dishi, Channel O, MTV Base, Trace. Na wale walikuwa wanachagua. Video zetu nyingi (na za kwangu mimi zikiwemo, tusidanganyane) zilikuwa zinarudi, picha imechoka, rangi zimekimbia, mtu anaimba mapenzi mbele ya gari la kukodi namba inaonekana. Kwahiyo Sauzi haikuwa mbwembwe, ilikuwa ni kiingilio cha mlangoni.

Alafu ndo ikaja rimiksi na Davido, mwanzoni mwa 2014. Na hapa dogo ndo nilimwambia weka peni chini usikilize.

Diamond hakumpelekea Davido wimbo mpya. Alimpelekea wimbo ambao tayari watu wameshauimba mpaka sauti zimekauka. Nyumbani Number One ilishamaliza kazi, ilishajibu lile swali gumu kuliko yote kwenye muziki, hivi huu wimbo watu wanaupenda au ni sisi tu na washkaji zetu studio? Jibu limeshapatikana, kwa hela ndogo, kwa masikio ya watu wasiomdai wala kumwogopa. Ndo hela kubwa ikaja juu ya jibu. Kwahiyo hata kama Naija wasingeuelewa, nyumbani asingepoteza kitu, shoo zake zingeendelea, na Mbongo aliyekuwa anaujua angesikia tu ladha mpya ya wimbo wake uleule.

Geuza sasa uone daftari la dogo. Ngoma haijawahi kusikilizwa na mtu hata mmoja, mwezi wa pili analipa milioni 12 mtu wa nje aimbe humo. Mnaija anafanya kazi yake vizuri tu, anatuma vesi kwa barua pepe, anaendelea na maisha yake. Wimbo ukiwa mbovu sasa una wimbo mbovu wenye Mnaija ndani. Nimeona hii sio mara moja. Baada ya 2014 ilikuja kama homa, kila msanii hapa mjini na mkoani anasaka vesi ya Lagos, watu wameuza magari, na ukiwauliza leo nyimbo zenyewe zinaitwaje wanakuna kichwa.

Na wala Diamond hakuwa Mbongo wa kwanza kuvuka mpaka. AY alishafanya kazi na P-Square wa Nigeria miaka kadhaa kabla, na kama kuna mtu anadai heshima yake kwenye hili basi ni yule bwana, aliona njia mapema wakati wengine tunabishana nani mkali wa hip hop. Alikiba naye 2010 aliitwa Chicago kwenye ule mradi wa One8, akaimba na R. Kelly kabisa, R. Kelly wa wakati ule bado ni R. Kelly. Dunia nzima ya Bongo tukajua kimenuka. Lakini ule wimbo walikuwa wasanii wanane wa Afrika, yupo 2Face, yupo Fally Ipupa, yupo Amani wa Kenya, kila mtu kapewa kipande chake. Wimbo wa watu wote hauna mwenyewe wa kuulea. Ukiisha mradi kila mtu kapanda ndege karudi kwao. Ndo maana naona swali la nani kaimba na wewe ni dogo kuliko swali la wimbo ni wa nani, na nani atakayeamka asubuhi kuupigania ukianza kulala.

Kitu kingine, kwanini Davido? Hapa ndo naona akili. Mwaka ule alikuwa na miaka 21. Alishatoboa kwao, wimbo wake Skelewu ulikuwa unalia kila kona 2013, lakini bado ni kijana anayepanda, naye anaitafuta Afrika nzima. Ukimfata mkubwa aliyeshiba utapewa vesi kama sadaka, ukimfata anayepanda mnapanda wote, anaiposti, anaiimba, video anakuja kweli na nguo zake na watu wake. Dogo kwenye daftari kaandika "wa kati" nikadhani naye kaliona hilo, nikamuuliza wa kati maana yake nini, akasema wa bei ya kati. Basi.

Sasa angalia kilichofuata, na hapa ndo wengi huwa wanaruka. Mei 2014 Kili wakampa tuzo 7 usiku mmoja. Sawa, nyumbani. Nje je? Alitajwa tuzo za BET za Marekani upande wa msanii bora wa kimataifa wa Afrika, na aliyebeba ni nani, Davido mwenyewe! Mtu uliyemwalika kwenye wimbo wako ndo kakupiga. Juni 2014 tuzo za MTV Afrika kule Durban, Diamond katajwa msanii bora wa kiume, akachukua Davido. Rimiksi yenyewe ikatajwa kolabo bora, wakachukua kundi la Uhuru la Sauzi na wenzao kwa Y-Tjukutja, ambayo tuseme ukweli ilikuwa ngoma kali. Jamaa karudi Dar mikono mitupu. Mtaani wakacheka, mitandaoni ndo usiseme, watu wakahesabu hela alizotumia kama vile walimkopesha wao.

Kama mpango wake ungekuwa wa tuzo mwezi wa sita kama wa dogo, hapo ndo mwisho, daftari linafungwa na kiwanja kimeshaondoka.

Ila jamaa aliendelea, mwaka uleule akatoa Mdogo Mdogo, na Bum Bum na Iyanya wa Nigeria. Novemba 2014 tuzo za Channel O Soweto akabeba 3. Mwaka uliofuata Julai 2015 amerudi Durban kulekule alikochekwa, akachukua ya msanii bora wa jukwaani. Ukihesabu toka rimiksi itoke mpaka ile ya Durban ni mwaka mmoja na nusu wa kutia hela na kutukanwa. Na angalia walichompa tuzo, jukwaa. Jukwaa hulinunui Lagos. Lile ni la mikoani, ni la miaka ile mitatu ya Sumbawanga na Kahama na spika zinazokoroma, ile sehemu isiyo na mstari kwenye daftari.

(Mtaani kwetu lakini kila aliyetoboa ni Frimasoni. Kuna mzee hapa jirani atakuapia. Nafikiri inawapumzisha watu, maana ukikubali kwamba ni hesabu inabidi na wewe ukahesabu zako.)

Nikamwonesha dogo kitu kingine ambacho kwangu ndo ushahidi kwamba ile ya 2014 haikuwa bahati nasibu, lebo. Wasafi, lebo ya Diamond, walivoanza kutoa wasanii wapya, angalia walivowatoa. Harmonize 2015 katoka na Aiyola, peke yake. Wimbo umependwa, ndo 2016 ikaja Bado yupo na bosi ndani. Rayvanny 2016 katoka na Kwetu, peke yake, imeshika, ndo akaingia kwenye Salome ya bosi. Mbosso 2018 katoka na Watakubali, peke yake. Zuchu Aprili 2020 watu wakaimba Wana kwanza, Cheche na Litawachoma na Diamond zikafata. Unaona? Bosi ana jina kubwa kuliko wote Afrika Mashariki, angeweza kumbeba kila mmoja wimbo wa kwanza tu, ila anamwacha kijana kwanza asimame peke yake watu wamuonje, wakishamkubali ndo anaongezewa moto. Ni Number One ileile inapikwa upya, sufuria tofauti.

Lebo hiyohiyo sio pepo, tusiimbe taarabu. Harmonize kaondoka 2019 na mwenyewe alisema hadharani imemgharimu milioni 500 kujitoa, Rayvanny kaondoka 2022. Mkataba unaomtengeneza mtu ni huohuo unaombana akishakua. Dogo aliposikia milioni 500 akaweka mkono mdomoni, nikamwambia usihofu hiyo ni shida ya watu waliotoboa, wewe bado una shida za milioni 12.

Sehemu ambayo mimi na dogo tulibishana kabisa ni Wamarekani. Yeye kaandika mwaka wa pili "kolabo Marekani". Diamond alifanya, Ne-Yo 2017 kwenye Marry You, Rick Ross mwishoni mwa mwaka uleule kwenye Waka, Omarion 2018. Heshima ilipatikana, picha zilipigwa, mimi mwenyewe nilijisikia raha kumwona Rick Ross kwenye video yetu. Lakini niambie harusini unapigiwa ipi leo? Mimi naona hesabu ilikaa sawa tena alipogeuka upande wa pili akaangalia Kongo. Inama na Fally Ipupa 2019. Yope rimiksi na Innoss'B mwaka huohuo, ile ikapita watazamaji milioni 100 YouTube. Alafu Waah! na Koffi Olomide mwishoni mwa 2020, wazee wa rumba na watoto wa singeli wakakutana uwanja mmoja. Innoss'B ni kijana wa Goma, na Goma, Bukavu, Lubumbashi huko kote Kiswahili kinaongewa kuanzia sokoni mpaka kanisani. Yaani mashabiki wanaoelewa mashairi yako walikuwa hapo nyuma ya ziwa siku zote, na hatukuwaona kwa sababu tunaangalia Los Angeles. Dogo akasema lakini Marekani ndo kuna hela. Nikamwambia ipo, ila ni ya kwao. Akacheka ila hakukubali, na daftarini hakukifuta.

Sasa kuhusu hela yenyewe, maana alinibana, kaka kwahiyo nifanye nini nisirekodi? Nikamwambia rekodi, tena moja, sio tatu. Laki tatu tu, mama asiuze kitu. Alafu huo wimbo usipeleke redio, upeleke kwa watu ambao hawana sababu ya kukusifia. Mama yako hafai, washkaji hawafai, mimi pia sifai. Tena usiseme ni wako. Mpe kinyozi, mpe yule jamaa wa chipsi mwenye spika, mpe dereva wa bajaji, kaa pembeni nunua soda uangalie. Mtu akiuliza "huu wa nani huu?" andika namba moja kwenye daftari. Mtu akisema rudisha mwanzo, andika mbili. Watu wakiendelea kula chipsi tu, basi umepoteza laki tatu na soda, kiwanja bado kipo Chanika na nyasi zake. Zikijaa alama ndo tuje tuongee mambo ya video, na video yenyewe siku hizi simu nzuri na mwanga wa saa kumi na moja jioni vinakufikisha mbali, lile geti la dishi la 2013 halina tena ulinzi uleule, mtu anatoboa kwa kipande cha sekunde kumi na tano. Na kiki iache. Kugombana na msanii mkubwa wakati hakujui ni kama kugombana na treni, haitasimama kukujibu.

Akaniuliza, na ule mstari wa mwezi wa tisa, lebo? Nikamwambia huo uache ukae, hauna gharama.

Dogo kakasirika wiki mbili, hakunisalimia hata msikitini. Alafu nikasikia kwa watu karekodi moja, ya mapenzi, na kaibana kweli hajasema ni yake. Siku moja napita kwa kinyozi pale kona naikuta inalia, na biti lenyewe sio baya, kiitikio kinanata ila vesi ya pili inalala. Jamaa mmoja wa bodaboda kichwa nusu kimenyolewa akauliza huu wa nani bana, nirushie. Dogo alikuwa kwenye benchi la nje, kamsikia, kaangalia chini, katoa kaunta buku kwenye begi kaandika.

Nikamfata nje nikamwambia si umrushie sasa. Akaninong'oneza kwamba aliyonayo ni kipande cha dakika moja na nusu tu, wimbo mzima upo kwa prodyuza, na prodyuza ndo anamdai yeye elfu themanini.